Matundu ya Bati la Tasiana

Soma bila haraka mpaka chini, kisha mpelekee yeyote unayemjua anayetaka kuuza kitu cha maana ili anunue kinachong'aa.

Huko Umatengo, katika mji mdogo wa wakulima wa kahawa, aliishi mjane aitwaye Tasiana. Marehemu mumewe alimwachia vitu viwili: kipande cha shamba la kahawa mlimani, alikozikwa mwenyewe, na kibanda umiza, lile banda la bati na mabenchi ambamo watu hulipa kiingilio wakatazama sinema na mpira. Shamba lilimlisha mara moja kwa mwaka. Banda lilimlisha kila siku.

Ng'ambo ya barabara jirani mmoja aitwaye Zenobi naye akajenga banda. Akaweka madirisha mapana upande wa barabarani, na ndani akatundika TV mpya ya 4K, ile ya picha kali mno. Siku ya ufunguzi alisimama mlangoni akinadi, "Nukta milioni nane, jamani! Hapa mwigizaji utamwona mpaka vinyweleo!" Watu wakavuka barabara.

Spika za mabanda mawili zikawa zinagombana kutwa nzima, majirani wakachoka. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Hyera, akakata shauri: banda moja lifungwe.

"Jumamosi mchana yote mawili yaonyeshe sinema ile ile," alisema. "Wananchi wataingia huku na huku bure, kisha kila mtu asimame mbele ya mlango anaoutaka. Mlango wenye watu wachache unafungwa."

Tasiana alikosa usingizi. TV yake ilikuwa kuukuu, picha imepauka kama kanga iliyofuliwa mno. Ijumaa asubuhi shemeji yake Otmari akaja mbiombio.

"Shemeji, mnunuzi wa shamba nimempata. Yuko stendi anasubiri. Ukikubali sasa, jioni tunayo TV kama ya Zenobi kutoka Songea."

"Na kaburi la kaka yako?"

Otmari akainamisha macho. "Marehemu hali, shemeji. Wewe unakula."

Neno lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa la kweli. "Nipe mpaka saa nane," akasema.

Kwanza akavuka barabara kujionea mwenyewe. Aliisogelea TV ya Zenobi hadi pua ikakaribia kioo, na kweli, masharubu ya mwigizaji yalihesabika unywele mmoja mmoja. Akarudi nyuma, akakaa benchi la watu. Kutoka pale masharubu yalikuwa masharubu tu, na mwanga wa dirishani ulimfanya akunje macho. Hata hivyo roho haikutulia, maana watu walikwisha kuyaamini maneno ya Zenobi.

Akarudi kwake, akawasha TV, akakaa kwenye benchi. Hakuwahi kufanya hivyo. Miaka yote kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni kupokea kiingilio, sinema akiisikia kwa masikio tu. Alichokiona kilimvunja moyo: picha nyeupe-nyeupe, uso wa shujaa hata macho hauna. Akanyanyuka aende stendi akamalizane na mnunuzi.

Ghafla picha ikaiva. Rangi zikakolea, macho ya shujaa yakaonekana, hata jasho la kwenye paji la uso. Tasiana akaganda. Kidogo tu, picha ikapauka tena. Akachungulia nje, akaona wingu ndiyo kwanza linaliachia jua.

Akarudi ndani, na safari hii akatazama juu. Bati zile mumewe alizinunua zikiwa zimekwisha kutumika, kama wafanyavyo wengi, na kila tundu la msumari wa zamani lilikuwa likimwaga jua ndani.

Otmari akatokea mlangoni. "Saa nane, shemeji. Mtu anaondoka na basi."

Tasiana akayatazama tena matundu. Akikosea, kesho hana banda wala mnunuzi.

"Mwambie shamba haliuzwi. Ukirudi, niletee ngazi na lami."

"Lami? Mwenzio ana 4K, wewe unataka lami?" Otmari akaguna, lakini alikwenda.

Jumamosi watu waliingia kwa Zenobi, wakatoka wakisifu. Wakaingia kwa Tasiana, wakipita chini ya blanketi zito lililoning'inizwa mlangoni. Matundu yalikwisha kuzibwa kwa lami, ndani giza totoro, TV peke yake ndiyo inayowaka. Wakatazama mpaka mwisho, lakini hakuna aliyesifu. Hilo lilimtisha Tasiana kuliko matusi.

Walipotoka, Mzee Hyera akapaza sauti, "Haya, chagueni!"

Mama muuza maandazi akawa wa kwanza, akaenda moja kwa moja kwa Zenobi. Wengine wakamfuata. Tasiana akafumba macho, akasikia miguu inakwenda na nyingine inakuja. Alipofumbua, mbele ya mlango wake hapakuwa na pa kukanyaga.

Zenobi akavuka barabara kwa hasira. "Huyu mwongo! Mwenyekiti, kanunua TV kwa siri, tena bora kuliko yangu!"

Tasiana akalishika blanketi, akalivuta likaanguka. Jua likaingia, na mbele ya macho ya wote picha ikapauka, ikawa ile ile waliyoikimbia.

Watu wakaangua kicheko. Zenobi hakucheka. Aligeuka akayatazama madirisha yake mapana, akauliza kwa sauti ndogo, "Na kama mimi ningeyaziba yale?"

"Ungenishinda," Tasiana akasema. "TV yako ni nzuri kuliko yangu, sikatai. Ila madirisha uliyaweka ili wapita njia waione TV. Waliokaa ndani hukuwawazia."

Funzo: Kabla hujauza kinachokulisha ili ununue kinachong'aa, kaa kwanza kwenye benchi la wale unaowahudumia, kisha uzibe matundu ya hicho ulichonacho.