Mbuzi wa Dhamana

Mzee Chidawali, muuza pumba na mashudu, hakukopesha mtu bila dhamana. Nyemo akamletea mbuzi jike, mbavu nje, akaomba elfu hamsini kwa miezi miwili.

"Riba elfu kumi. Ukichelewa siku moja, mbuzi ni wangu."

"Babu, mimi sikusoma. Riba ndiyo nini?"

Mzee akawageukia wateja, kifua mbele. "Pesa yangu ikikaa kwako, huzaa. Riba ndiyo mtoto wake. Na mtoto humfuata mama yake, popote alipozaliwa."

"Hapo nimeelewa," Nyemo akasema kwa unyenyekevu.

Mzee aliamini Nyemo hatalipa, basi akamlisha yule mbuzi mashudu kama wake. Siku ya ahadi, Nyemo huyo dukani na elfu sitini. Mbuzi akafunguliwa, amenona, na nyuma yake wakatoka vitoto viwili.

"Hao waache! Wamezaliwa kwangu!"

"Lakini babu, mtoto humfuata mama yake, popote alipozaliwa."

Wateja wakaangua kicheko. Mzee akazitazama zile noti. Hamsini zake zilikuwa bado zimefungwa kwa uzi wa gunia aliozifungia mwenyewe.

"Kumbe hukuzitumia?"

"Sikuwa na shida ya pesa, babu. Nilikuwa na mbuzi mwenye mimba, na pumba zako ni ghali mno."