Kamba Mchangani

Mtu mmoja, jina lake Mhina, alikuwa na mashua ya injini. Siku moja aliivusha kwaya ya kanisa kwenda kisiwani kwenye mkutano wa Pasaka. Ufukwe ulipokwisha kuonekana, bahari ikachafuka, injini ikazimika, na mawimbi yakaibamiza mashua mwambani ikapasuka. Watu walimlilia Mungu, naye akawasikia. Hakufa hata mmoja. Wote walijikuta juu ya mwamba, wameshikana.

Lakini maji yalikuwa yanajaa, na mwamba ulikuwa unazama. Mwinjilisti wao, Semkiwa, aliyejua kuogelea, alitangulia ufukweni na ncha ya kamba. Mhina alibaki ameshika ncha ya pili, na wanakwaya wakavuka mmoja mmoja wakiishikilia. Kila aliyevuka, Mhina alimwambia neno lile lile: "Mkifika wote nitajifunga kiunoni. Nikiita, vuteni." Kila mmoja aliitikia.

Walipofika wote, wakataka kumshukuru Mungu. Ni jambo jema. Ila kushukuru kwao ni kwa kuinua mikono, na mikono ilikuwa na kamba. Basi wakailaza kamba mchangani, wakaupa mwamba mgongo, wakaimba.

"Bwana asifiwe," akasema Semkiwa.

"Amina."

"Je, tumeokoka?"

"Tumeokoka!"

"Bado!" ikasema sauti nyuma yao.

Semkiwa akashusha mikono. Akawatazama kwa huzuni. "Kuna mwenzetu hapa moyo wake mgumu."

"Atakuwa wa besi," akasema mama mmoja wa sauti ya kwanza. "Nimesema siku zote, wale wanakuja kwa ajili ya pilau."

Waimbaji wa besi wakaapa kwamba waliokoka tangu mkutano wa mwaka jana. Ukaimbwa wimbo wa toba, beti zote. Ulipokwisha, sauti ikaja tena, nyembamba zaidi: "Bado mimi! Maji yamefika shingoni!"

"Mnasikia?" akasema Semkiwa. "Sasa anakiri mwenyewe. Tufumbe macho, tumwombee."

Wakafumba macho, wote isipokuwa mkewe Semkiwa. Yeye aligeuka akaitazama bahari, kisha akamwambia mumewe polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu kwa mara ya kumi:

"Baba Damari, maji anayoyasema ni maji."

Ndipo wakageuka. Pale penye mwamba hapakuonekana mwamba, ila kichwa cha mtu. Wakaikimbilia kamba. Mawimbi yalikuwa yamekwisha kuivuta, imebaki ncha tu, na mama yule wa sauti ya kwanza akaikanyaga kwa mguu isiondoke. Wakavuta, besi na wengine wote, mpaka Mhina akafika mchangani akitapika maji ya chumvi.

Alipoweza kukaa, Semkiwa alimwomba atoe ushuhuda. Mhina akafungua kinywa, sauti haikutoka. Ilikuwa imeishia kule mwambani, akiwaita watu waliokuwa wakimwombea.

Wapendwa, Mungu aliwatoa majini kweli, na kumshukuru ilikuwa haki yake. Lakini alikuwa hajamaliza kuokoa, na kazi iliyobaki aliiacha mikononi mwao. Nanyi mnaosimama kila Jumapili kutuambia mmeokoka, kamba yenu mmeilaza wapi?