Konzi Moja ya Udongo wa Tumsifu

Sogeeni. Mwenye mtoto ampakate, mwenye kazi mkononi aiweke chini. Leo sikuwaletea sungura wala zimwi. Nimewaletea watu watatu wa ofisini, na msinicheke, maana hata ofisini kuna hadithi, tena nyingine zinauma kuliko za porini.

Watatu hao walikuwa waajiriwa wa halmashauri ya mji mmoja wa bondeni, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Gwakisa alikuwa mtu wa masjala, pale yanapotunzwa majalada. Kipaji chake kilikuwa kutafuta. Karatasi ikipotea, hata ikiwa imeliwa nusu na mchwa, yeye aliifuata mpaka akaipata. Lakini hakuitoa mkononi mwake mpaka awe na hakika kwamba ndiyo yenyewe.

Siwema ndiye aliyewapokea wananchi waliokuja kuomba nyaraka za serikali. Kipaji chake kilikuwa kusitiri. Kila karatasi aliisoma neno kwa neno kabla haijatoka, na habari za watu wengine akazifunika kwa wino mweusi. Asipokuwa na hakika, alifunika. "Aibu ya mtu haitembezwi barabarani," ndivyo alivyozoea kusema.

Rwegasira alikuwa mkubwa wao, na bila saini yake hakuna karatasi iliyovuka mlango. Kipaji chake kilikuwa kutoogopa. Alisoma sheria kutoka mwanzo hadi mwisho kila mara, hata kwa jambo dogo, na akishasaini hakuna aliyeweza kumrudisha nyuma.

Sasa tupande mlimani, mwendo wa kutwa nzima kwa basi kutoka mji huo. Huko waliishi Mzee Eliapenda na mkewe, Bi Namkunda. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Tumsifu, na tangu siku hiyo majina yao yakasahaulika. Kila mtu aliwaita Baba Tumsifu na Mama Tumsifu, hata wao wenyewe kwa wenyewe.

Tumsifu alikua, akawa utingo wa malori, akateremka bondeni kutafuta maisha. Homa kali ikamkuta njiani, akafia katika hospitali ya mji ule. Alitaja jina moja tu, na kwao hapakujulikana. Halmashauri ikamzika katika makaburi ya umma, wanakozikwa wasio na wa kuwalilia. Lakini yeye alikuwa na wa kumlilia, jamani. Walikuwa hawajaambiwa tu.

Habari ilipanda mlima kwa mdomo wa dereva mmoja, tena imekwisha kuchelewa sana. Mama akashuka mpaka makaburini. Alikuta matuta na vibao vya namba, jina hata moja hakuna. Majina yalikuwa kwenye karatasi za halmashauri. Akazunguka kati ya matuta yale akiita kama mtu aitaye mtoto aje kula, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu.

Baba Tumsifu alikuwa kitandani, miguu imevimba, pumzi inakuja kwa kuombwa. Huko kwao baba huzikwa na mwanawe: mwana ndiye hutia konzi ya kwanza ya udongo, wengine ndipo hufuata. Mwana akitangulia, huchotwa udongo wa kaburi lake, nao ndio huanza kumwangukia baba. Mzee akamwita ndugu yake, Yonazi, na majirani, akasema mbele yao:

"Nataka kujua mwanangu amelala wapi kabla sijafumba macho. Nileteeni udongo wake niushike. Na yule atakayenionyesha alipo, siku yangu ikifika, huyo ndiye atakayetia konzi ya kwanza. Awe nani, awe kabila gani, atakuwa mwanangu."

Mama akashuka tena bondeni, akafikia kwa mwanamke wa kanisani kwao, akapeleka ombi lake ofisini. Sheria inasema mwananchi akiomba taarifa ajibiwe. Kujibiwa lini, sheria nayo inajua. Wenye kujibu ndio husahau.

Gwakisa aliingia ghalani mwa masjala. Paa lilikuwa limevuja masika yote, na karatasi za mazishi zilishikana kama chapati zilizoachwa chini ya kifuniko. Wenzake wakamwambia, "Andika kwamba haipo, mama wa watu aende zake." Akakataa. Akazianika kivulini, akazibandua moja moja, kwani angeharakisha zingechanika na jina la Tumsifu lingekwenda na vipande. Akaipata, lakini akaishika kwanza mpaka ahakikishe kwamba ndiyo yenyewe. Bado anahakiki, mama akapiga simu nyumbani, jirani akaiweka kwenye sikio la mzee.

"Umemwona?" mzee akauliza.

"Bado, Baba Tumsifu. Wanatafuta."

Siwema akaipokea karatasi. Ilikuwa na majina mengi, na mbele ya kila jina ugonjwa uliomuua mtu huyo, mengine ni maradhi ambayo familia huyataja kwa kunong'ona. Sheria inakataza kuianika karatasi ya namna hiyo, na bila kazi ya mikono yake isingetoka kabisa. Akafunika jina baada ya jina, taratibu, asivujishe hata herufi. Simu ikalia tena mlimani.

"Umemwona?"

"Bado. Wanasitiri ya wengine."

Rwegasira naye akapokea. Hapo ndipo mkurugenzi wa halmashauri alipomwita chemba. Karatasi halisi ilionyesha kwamba katika makaburi mengine walizikwa watu wawili wawili kwa uhaba wa nafasi, na mkurugenzi hakutaka jambo hilo lijulikane. "Mwambie ni siri ya serikali," akasema. Rwegasira akajibu, "Mzee, maiti wa mtu si siri ya serikali." Akasoma sheria mwanzo hadi mwisho, akaandika sababu zake, akasubiri jibu la mwanasheria ili saini yake isiweze kutenguliwa. Kisha akasaini, macho yake yakiwa kwenye sheria wala si kwenye wino wa Siwema, akijua kiti chake kinakwenda. Na kweli, baadaye alihamishiwa kituo cha mbali ambako hata barabara huwa na msimu wake. Simu ikalia.

"Umemwona?" Sauti ilikuwa imepungua.

"Bado. Leo wananipa."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga. Wao walisema matumbo tu.

Siwema akamwita dirishani kwa heshima zote. "Shikamoo, Mama Tumsifu. Karibu mama, ombi lako limejibiwa."

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Ilikuwa nyeusi kutoka juu hadi chini. Siwema alikuwa amekuta jina moja tu, Tumsifu, lisilo na jina la ukoo wala la baba, hakuwa na hakika kama ndiye, akafunika. Akafunika na namba ya kaburi.

"Mwanangu," mama akasema polepole, "umeniitaje sasa hivi?"

"Mama Tumsifu."

"Na Tumsifu yuko wapi hapa?"

Siwema akaitazama karatasi, akaona wino wake mwenyewe.

"Mnaniita kwa jina lake, halafu jina lake mnanificha. Humu mmemzika mara ya pili, na mara hii mbele ya macho yangu."

Siwema akalia pale pale dirishani, watu kwenye foleni wakimwona. Akakimbilia masjala, Gwakisa akaifuata upya karatasi halisi na kuhakiki upya kwamba Tumsifu mwingine hakuwemo. Siwema akaandaa nakala nyingine, mstari mmoja tu ukiwa wazi. Rwegasira akasoma upya, mwanzo hadi mwisho. Wote walikuwa na haraka mioyoni, lakini mikono yao ilifanya kama ilivyozoea. Mtu hubadilika moyo mapema, mkono hufuata nyuma.

Siku jibu la pili lilipotoka hatimaye, watatu hao waliacha kazi zao wakampeleka mama makaburini wenyewe. Wakahesabu vibao mpaka wakafika kwenye tuta dogo lililoota nyasi. Kwa bahati Tumsifu alikuwa amezikwa peke yake. Mama akapiga magoti, akalipapasa lile tuta kama mtu anayempapasa mtoto aone kama homa imeshuka.

"Tumsifu, mama nimekuja," akasema. "Baba yako anakuulizia."

Akachota konzi moja ya udongo, akaifunga kwenye pindo la kanga. Siwema akamwambia, "Ongeza, mama." Akatikisa kichwa: "Nisimfunue mwanangu. Moja inatosha."

Ndipo akachukua simu, akapiga nyumbani, na hakungoja kuulizwa. "Baba Tumsifu! Nimemwona! Nimemwona, nipo naye hapa!"

Aliyejibu alikuwa Yonazi: "Shemeji, njoo nyumbani. Kaka ametutoka alfajiri. Amekwenda akiuliza."

Niacheni nimeze mate kidogo.

Watatu hao wakapanda naye mlima, hakuna aliyeweza kubaki. Kaburi la mzee lilikuwa limechimbwa uani, kando ya migomba. Jeneza likateremshwa. Yonazi akasimama ukingoni, akawakumbusha watu wasia wa ndugu yake, akauliza, "Ni nani aliyeonyesha alipo mwana? Aje."

Hakuna aliyesogea. Gwakisa akasema, "Siwezi. Niliipata karatasi, lakini ningewapa wenzangu mapema, mzee angeisikia habari hii. Aende Siwema, aliyeiwezesha kutoka."

Siwema akasema, "Mimi nilimfunika mwana wa watu kwa wino. Aende Rwegasira, aliyetoa kiti chake."

Rwegasira akasema, "Saini yangu ilikuwa tayari moyoni siku ya kwanza, nami nikaiweka kusubiri mwanasheria. Aende Gwakisa. Bila yeye kungekuwa na nini cha kusaini?"

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Wote watatu walimchelewesha marehemu! Asitie hata mmoja!"

Mwingine akamjibu: "Na bila wote watatu, mwana angebaki namba mpaka kiyama. Tumia akili, bwana!"

Haya, nawaona mnavyotaka kunikimbia. Mnataka kusema konzi igawanywe. Ni konzi moja, ndugu zangu, ilifungwa kwenye pindo la kanga na mama aliyeogopa kumfunua mwanawe. Ukiigawa mara tatu, kila mtu atatia vumbi. Mnataka kusema mama atie mwenyewe. Mlio karibu naye mlimsikia: "Mume wangu alisema atazikwa na mwana. Mimi ni mke. Nipeni mwana." Na mnaosema asitie yeyote, mtuambie nani atavunja neno la maiti akalale usingizi.

Gwakisa, asingetafuta, pasingekuwa na karatasi. Siwema, asingesitiri, karatasi isingeruhusiwa. Rwegasira, asingethubutu, ingekufa kwenye meza ya mkurugenzi. Na kila mmoja, kwa kipaji kile kile alichosaidia nacho, alimfanya mzee aondoke akiuliza.

Mama Tumsifu amefungua pindo. Udongo uko kiganjani mwake, mwekundu wa bondeni, si mweusi kama wa kwao. Ameunyoosha mkono, anatazama nyuso tatu, na machozi hayamruhusu kuchagua. Amegeuka, anawatazama ninyi.

Je, wewe ungeamua vipi? Ungemwambia amkabidhi nani?

Semeni, lakini msikae sana. Mzee yule amengojeshwa vya kutosha.