Sange na Kinanda cha Marehemu Nungunungu

Sogeeni, sogeeni. We uliye mlangoni, ingia au toka, usitukatie upepo. Mpeni mtoto ziwa atulie. Na hizo kruchu-kruchu za miwa ziwekeni chini, nataka kimya mpaka nisikie jiko linavyopoa. Haya. Nikisema "Ngano mlangoni!" nyinyi mseme "Ipisheni ikae!"

Ngano mlangoni!

Ipisheni ikae!

Kama hamjala vile! Ngano mlangoni!

Ipisheni ikae!

Ehee. Imekaa.

Paliondokea sanduku. Ndiyo, sanduku, msicheke. Lilikuwa refu, la mbao, upande mmoja mpana na upande mmoja umechongoka kama bawa la bata. Mtu mmoja aliyehama nchi zamani hizo alilitupa porini kwa sababu punda wake aliliangalia, akalala chini, akakataa kuamka. Wanyama wakaliokota. Mbele lina safu ya meno, meusi kwa meupe. Ndani lina nyuzi. Chini ya kila jino kuna kijiti, na kwenye kijiti kumechomekwa ncha ya unyoya wa kunguru. Bonyeza jino, kijiti kinapanda, unyoya unaudonoa uzi: ting! Achia jino, kijiti kinashuka: kwa. Ting, kwa. Ting, kwa. Wakaliita kinanda cha manyoya.

Na kinanda hicho kilikuwa na tabia moja, ishikeni hiyo. Kilikuwa hakijui nguvu. Bonyeza kwa kidole, ting. Piga kwa ngumi, ting ileile. Unyoya ukishaudonoa uzi umemaliza kazi yake, hauulizi nani kabonyeza.

Mpigaji alikuwa Mzee Nungunungu, na wimbo ulikuwa mmoja, wimbo wa mavuno. Kila karamu ya mavuno nyuki walimletea mpigaji chungu cha asali. Nungunungu akipiga, akila asali, akilala. Na tumboni mwa kinanda aliishi Bi Sange na watoto wake. Sange mnamjua? Yule mdogo kama panya, pua ndefu kama mkonga uliopotelewa na tembo wake, miguu kama njiti za kibiriti. Unyoya ukivunjika, Sange ndiye aliyepenya ndani akachomeka mwingine. Nungunungu alikuwa akimwambia, "Kaa, mwanangu, kaa. Mimi na miba yangu hii nitaingilia wapi humo?"

Basi Nungunungu akafa, kwa uzee tu. Wakamzika vizuri, wakalia, wakala. Na matanga hayajaanuliwa, ugomvi ukaanza. Ugomvi wa nini? Wa jinsi marehemu alivyokuwa akipiga.

Shangazi yangu Mwanakheri, aliyenipa ngano hii, akifika kwenye maneno ya Mzee Kobe alikuwa akiyavuta mpaka tunasinzia. "Marehemuuu," Kobe akasema, "alikuwa akipigaaa... polepole. Kavu. Bila kuongeza chumvi yake."

"Uongo-uongo-uongo!" Huyo ni Chiriku, mdomo haumfungi. "Alikuwa akipiga mbio! Na madoido! Tiriri hapa, tiriri pale! Wimbo bila madoido ni uji bila sukari!"

Bibi Kiboko naye akainua kichwa bwawani, maji yakamwagika bwaaa. "Alikuwa akipiga kwa kishindo! Mimi nilimsikia niko chini ya maji!"

"Masikio yako yana tope, bibi."

"Na yako wewe yana mabawa, hayatulii!"

"Nyinyi watotooo..." Kobe akaanza, lakini kabla hajafika mwisho wakawa wameshatukanana tena.

Sange anawasikiliza kutoka mle ndani ya kinanda. Yeye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote, na alijua. Marehemu akiwa ameshiba alipiga polepole. Akiwa na njaa alipiga mbio awahi asali. Akiwa amegombana na mkewe, kila jino lilitwangwa. Lakini nani amwulize anayeishi ndani ya sanduku?

Mwisho wakakata shauri. Karamu inakuja. Ajitokeze anayetaka apige, wao wazee watatu wasikilize. Atakayepiga kama marehemu, kinanda chake, na chungu cha asali chake.

Hapo ndipo aliposhuka Bwana Nyani wa majabalini. Kifua kama mlango, mikono mirefu mpaka magotini, na tumbo ambalo halijawahi kusema basi. Akakigonga kinanda ubavuni: du! du! du!

"Nani humo?"

"Ni sisi, mjomba. Ni mimi Sange na wanangu."

"Fungeni virago. Nikishinda, sanduku hili linapanda majabalini kwangu, nitie mahindi. Hizi nyuzi nitazing'oa nianikie."

"Na sisi, mjomba?"

"Nyinyi ni wadudu."

"Sisi si wadudu, mjomba."

"Basi ni uchafu. Na uchafu hukung'utwa." Akakitikisa kinanda, nyuzi zote zikalia shwaaang, watoto wa Sange wakabiringika kutoka kona hadi kona.

"Na wimbo, mjomba? Mwakani nani atapiga wimbo?"

"Nikishapata chungu, wimbo wa nini?"

Akaondoka zake. Mtoto mkubwa wa Sange akatoka chini ya manyoya, pua inamtetemeka. "Mama, tunahama?"

"Nani kasema tunahama?"

"Mjomba kasema."

"Mjomba kasema yake. Bado mimi."

Kesho yake Sange akaenda kwa wazee. "Na mimi nitapiga."

Loo, kicheko! Bibi Kiboko alicheka mpaka samaki wakahama upande wa pili wa bwawa. "Wewe? Kwa vidole gani?"

"Kwa miguu, bibi."

"Aachwe apige," Kobe akasema, "apate mazoeziii... ya kushindwa."

Huku nyuma Nyani akaanza kuingiwa na wasiwasi. Wazee watatu, masikio matatu mbalimbali! Akishika la Kobe, Chiriku atanuna. Akishika la Chiriku, Kiboko atanuna. Akashuka tena, safari hii anatembea kwa adabu, akakiinamia kinanda.

"Binti yangu."

Jana mdudu, leo binti yangu. Mnaona?

"Abee, mjomba."

"Wewe ulikuwa karibu na marehemu. Hebu niambie, alipigaje?"

"Nikikuambia, utatuachia kona moja?"

"Mbona kona? Nitawaachia upande mzima!" Anasema hivyo huku ameshapanga mahindi kichwani, gunia juu ya gunia.

"Basi siri ni asali, mjomba. Marehemu alikuwa akichovya vidole kwenye chungu. Vidole vikiwa vitamu, wimbo unatoka mtamu, kila sikio linapata chake."

"Anachovya mpaka wapi?"

"Yeye alikuwa mzee wa watu, akichovya kidogo tu. Wewe una mwili, mjomba. Kipimo chako unakijua mwenyewe."

Nyani akameza mate, gudu! "Na Bibi Kiboko anayetaka kishindo?"

"Hapo ni nguvu, mjomba."

"Nguvu ninazo."

"Tunaziona, mjomba."

Ngano mlangoni!

Ipisheni ikae!

Msilale. Siku ya karamu ikafika. Mtama umewiva, pombe imeiva, wanyama wamejaa uwanjani. Nyuki wakaleta chungu cha asali, wakakiweka juu ya kinanda, wakatua kwenye tawi kusikiliza. Wao asali yao huitoa kwa hiari, lakini hutaka ibaki kwenye chungu.

"Naanza mimi!" Nyani akasema, kabla hata hajaulizwa. Akaketi. Akanyoosha mkono, akautia chunguni.

"Weee!" Kobe akachomoza shingo yote. "Ndiyo niniii?"

"Ndivyo alivyofanya marehemu, babu. Au wewe ulikuwapo karibu ukaona?"

Kobe akafikiri. Hakuwapo karibu. Siku zote wimbo ulianza yeye yuko njiani na uliisha yeye yuko njiani. Akarudisha shingo. "Kama ndivyo alivyofanyaaa..."

Nyani akachovya vidole. Akalamba akaona vitamu. Akachovya tena mpaka viganja. Akalamba. Akachovya mpaka viwiko, na mkono wa pili nao mpaka kiwiko, ili usione wivu. Halafu, asali inamchuruzika churu-churu, akavishusha vidole kwenye meno ya kinanda.

Ting. Kwa. Ting. Kwa. Tiii... nata.

Jino likashuka, halikupanda. La pili likashuka, likabaki hukohuko. La tatu likashikana na kidole chake. Nyani anavuta mkono, kinanda chote kinakuja. Anasukuma, kinanda kinakwenda. Nata! Nata!

"Kishindo kiko wapi?" Bibi Kiboko akauliza.

Nyani akakumbuka nguvu. Akajinasua, akainua ngumi. Pa! Kinanda: ting. Pa! Kinanda: ting ileile. Pa! Na ncha za manyoya ndani zikakatika, kwachu, kwachu, kwachu, na ting nayo ikaisha. Jasho likamtoka. Akajifuta uso kwa mikono ileile. Akajifuta kifua. Akajikuna makalio.

Kule tawini, nyuki wakaangalia. Chungu kitupu, na asali yao imepakwa kwenye nyani.

Zzzzzzz!

"Mama yangu weee!"

Zzzzzzz!

Akaruka kiti, akaruka kichuguu, akaruka mawazo ya wazee wote watatu, akaingia bwawani kichwa mbele. Kichwa kikazama. Makalio yakabaki juu. Nyuki si wachoyo, wakatumia walichopewa.

Wakati watu wanacheka huko bwawani, Sange na wanawe wameshaingia kazini. Hawa na majani mabichi wanafuta meno, wale na manyoya ya kunguru wanachomeka ncha mpya, chomeka, jaribu, ting, kwa, chomeka. Wazee waliporudi, kinanda kinameremeta.

"Wazee wangu," Sange akasema, "marehemu alitaka kila mzee akae mahali pa heshima yake. Babu Kobe, mzee mkubwa husikiliza akiwa ndani."

"Ndaniii... ya wapi?"

"Ya nyumba yako, babu."

Kobe akajiona mkubwa, akaingia gambani, akajifungia. "Bwana Chiriku, wewe tua hapa juu ya kifuniko. Bibi Kiboko, njoo uweke shavu lako hapa ubavuni mwa kinanda, vizuri, sikio ligusane na mbao." Wakakaa. Na tumboni mwa kinanda watoto wa Sange wakakaa tayari, kila mmoja na uzi wake.

Sange akapanda juu ya meno. Wanyama wakashika vinywa wasicheke. Kamnyama kepesi kama ganda la karanga, jino litashuka kweli? Lakini kinanda hakijui nguvu, nilishawaambia. Akatia mguu. Ting! Akarukia jino la pili. Ting! Akaenda nao, mguu huku, mguu kule, wimbo wa mavuno wenyewe, wala si polepole wala si mbio, kama mtu anayerudi kwake bila haraka na bila wasiwasi.

Mle gambani sauti ikamfikia Kobe imeshachoka njia nzima, nyembamba, kavu, haina chumvi. Chozi likamtoka. "Ndiyo hasaaa," akasema mle mle ndani.

Juu ya kifuniko Chiriku anasikia wimbo, na chini ya miguu yake watoto wa Sange wanatimka juu ya nyuzi, tiriri, tiriri, tiriririri! Mabawa yakamsimama. "Madoido! Madoido-madoido!"

Na Bibi Kiboko, shavu limeshika mbao, sikio limeshika mbao, kila ting inaingia kichwani mwake kama radi. GUU! GUU! "Loo! Kishindo hicho! Ndiye marehemu mtupu!"

Wimbo ukaisha. Wazee wakasimama pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea. "Kinanda ni cha Sange!"

"Kwa sababu amepiga polepole," Kobe akaongeza.

"Polepole? Amepiga mbio, mzee!"

"Nyote hamkusikia kitu. Mimi masikio bado yananiuma!"

Wakamgeukia Sange. "Sema wewe. Umepigaje?"

"Kama marehemu, wazee wangu. Ila mwakani naomba kila mtu akae palepale alipokaa leo."

Wakakubali. Wakaondoka wanabishana, mpaka leo wanabishana, na hakuna aliyewahi kubadilisha kiti.

Jua linapunga, Nyani akatoka bwawani. Anatembea amejitanua, hakai, hainami. Akasimama mbele ya kinanda.

"We Sange. Niapie. Marehemu alikuwa akichovya vidole kwenye asali?"

"Haki ya Mungu, mjomba, alikuwa akichovya."

"Kabla ya kupiga?"

Sange akakuna pua yake ndefu. "Ah! Hapo, mjomba, umenikumbusha. Baada."

Ngano imeinuka!

Ikunjieni mkeka!

Mnataka mafunzo? Haya. Ngano hii inatufunza kwamba ukimdanganya mkubwa wako utajuta sana, kama mlivyomwona Sange alivyojuta. Inatufunza kwamba nguvu hushinda kila kitu. Na kwamba wimbo una namna moja tu ya kupigwa, nayo ni ile niliyoisikia mimi.

Dada yangu Somoe atawaambia kwamba shangazi alisema sungura, si sange, na kwamba hapakuwa na kiboko. Msibishane naye. Yeye siku zile alikuwa akikaa upande wa moshi.

Sange akarithi kinanda. Wanawe wakarithi miguu isiyotulia, ndiyo maana mpaka kesho sange akishtuka hupiga chini kwa miguu, tiriri. Kobe akarithi kuingia ndani kila asikiapo makelele. Nyani akarithi makalio mekundu. Shangazi alipofariki, Somoe akarithi kigoda, mimi nikarithi ngano. Na nyinyi mmerithi vyombo. Viko nje, havijaoshwa.