Farasi Aliyesifiwa Barazani

Wametusimulia waliotutangulia kwamba huko Basra aliishi mja mwema, Dhakwani, Mwenyezi Mungu amrehemu, mfumaji wa miswala. Mwaka mmoja sufu iliadimika mjini, wafumaji wake ishirini wakakaa bure na watoto wao wakashinda njaa. Akafunga safari hadi milimani kwa Huraithi, mkuu wa wafugaji wa kondoo, akanunue sufu.

Sasa tazameni adabu za watu zinavyopishana! Kwao Basra, mgeni asiyesifu kitu cha mwenyeji wake kabla ya kutaja biashara huonekana hana malezi. Basi Dhakwani alipoketi barazani akamwona farasi jike mweupe amefungwa nje, akasema kwa moyo mkunjufu, "Mashallah! Farasi gani huyu!"

Huraithi akainuka, akamfungua farasi, akamkabidhi mgeni kamba. Nyuma ya pazia mkewe akasikika akilia.

"Kuna nini?" Dhakwani akamnong'oneza mzee aliyeketi kando yake.

"Kwetu, mgeni akisifu kitu amekiomba, na kumnyima ni aibu. Farasi huyo aliachwa na mtoto wao marehemu."

"Basi namrudisha!"

"Thubutu! Kurudisha zawadi ni tusi. Sufu utaisahau."

Nafsi ikamwambia: nyamaza, umepewa kwa hiari. Lakini kilio kile kilimchoma, na hofu ya Mola ikamshinda.

"Ndugu yangu Huraithi," akasema mbele ya wote, "wallahi sikuomba. Kwetu kusifu ni kama kusalimia. Nimesema kwa ujinga. Nikimchukua nimekudhulumu, nikimrudisha nimekutukana. Nifundishe, nifanyeje?"

Huraithi akamtazama, macho yamejaa machozi.

"Farasi huyo sasa ni wako?"

"Ni wangu."

"Basi, ewe mgeni wetu," akasema, "mashallah, una farasi mzuri."

Lo! Dhakwani alimtia kamba mkononi upesi hata wazee wakaangua kicheko. Nyuma ya pazia kilio kikageuka vigelegele, na mgeni akashusha pumzi, "Alhamdulillahi!"

Sufu aliipata, mizigo ya ngamia saba. Siku ya kuagana aliitazama ilivyo nyeupe na laini, akafungua kinywa, kisha akakifumba haraka.

Ndugu zangu, desturi ya watu wale Dhakwani hakuijua. Kilichomwokoa ni kukiri barazani, mbele ya watu wazima, kwamba hajui. Mola atujaalie ujasiri huo. Amin.