Maji Mdomoni mwa Kiboko

Masikio mnayo?

— Tunayo.

Yako wazi?

— Yako wazi.

Basi yasogezeni, nisije nikamwaga pembeni.

Hapo kale Kobe alikuwa fundi wa filamu za kuchekesha. Alitengeneza sita tu, kisha akafa. Wengi waliziona za kipuuzi, lakini waliozipenda walizishika neno kwa neno, wakawa wanataniana kwa maneno yake shambani, kisimani, hata msibani.

Kila mwaka baada ya mavuno walikutana kwenye banda la video kuzipanga, ipi ya kwanza, ipi ya mwisho. Mwamuzi alijaza maji mdomoni, filamu zikaonyeshwa moja moja. Ile itakayomchekesha mpaka maji yamtoke, hiyo ndiyo namba moja.

Mwaka huo Kiboko alikuwa amelinunua banda, na kanda zote zilizomo. Akasema mwamuzi ni yeye, maana mdomo wake ndio mkubwa. Akasema filamu ya kwanza itabaki, zile tano atazichomoa utepe afungie miwa yake.

"Na maji yakitoka, yametoka," akasema. "Sitaki mtu aniulize yametokaje."

Wote wakaelewa. Filamu ya sita, *Mfalme wa Tope*, aliigiza yeye mwenyewe. Angeyatema hapo.

Nguchiro akapandwa na hasira. Mama yake aliigiza muuza kunde katika filamu ya tano, *Nipimie Vizuri*, naye Nguchiro ndiye yule mtoto mgongoni. Mama alishakufa. Sauti yake haikubaki popote ila kwenye kanda ile. Nguchiro alitaka kumrukia Kiboko amng'ate pua, lakini yeye mzima alikuwa sawa na ukucha wa Kiboko. Akaimeza hasira yake kama funda la maji, akaenda kukaa benchi la mbele.

Ikaja filamu ya kwanza. Watu kwe kwe kwe. Kiboko mashavu tuu, maji hayatoki.

Ikaja ya pili. Watu kwe kwe kwe. Kiboko mashavu tuu, maji hayatoki.

Ya tatu vilevile, ya nne vilevile. Nguchiro akazidi kuvimba kifuani.

Ikaja ya tano. Mama yake akatokea na pishi ya kunde, mtoto analia mgongoni. "Nyamaza mwanangu," mama akasema, "mama yuko kazini." Banda zima likacheka. Nguchiro hakucheka. Aligeuka, akamtazama Kiboko machoni.

"Bwana mkubwa, na mimi nimezipanga. Ya kwanza hii ya mama. Yako nimeipa namba saba."

Kiboko akatoa macho. Akahesabu kwa vidole, zikafika sita. Akahesabu tena.

"Ziko sita, najua," Nguchiro akasema taratibu. "Ila nafasi ya sita nimeiacha wazi, yako isije ikakaa karibu na za wenzako."

Kiboko akafunua domo. "Yaani mimi..."

Pwaaa. Mabenchi matatu yakalowa. Na pale ukutani mama bado anapima kunde.

Bibi Kanga, mwonyesha kanda, akauliza, "Maji yametoka?"

"Yametoka," wakaitika wote.

Kiboko akaanza kueleza yametokaje. Bibi Kanga akamwambia, "Si ulikataa kuulizwa? Basi na wewe usitueleze."

Kiboko akatazama zile tano za kufungia miwa. Akaiona *Mfalme wa Tope* imo. Akakohoa, akasema mwaka huu, kusema kweli, miwa ataifungia kamba za mgomba.

Wakairudisha kanda nyuma. "Nyamaza mwanangu," mama akasema tena, na Nguchiro akanyamaza. Lakini hasira haikumwisha. Mpaka leo akipita mtoni humtemea Kiboko mate, ptu.

Mmeona, wajukuu zangu, hasira haina faida hata kidogo. Ukionewa kaa kimya kama maji mtungini, na umwachie mwenye mdomo mkubwa aamue.

Mimi nimeinuka, wao nimewaacha bandani wanakausha mabenchi.

— Wakauke salama.