Nyati, Komba na Tembo Lisilolevya

Paukwa!

Pakawa.

Aa, ndiyo kuitikia huko? Mmekula wali wangu wote na sauti hamna? Mara ya pili, na atakayenyamaza atanisagia tangawizi mpaka kesho. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Palikuwa na mnazi. Juu ya mnazi palikuwa na Komba, chini ya mnazi palikuwa na Nyati, na hadithi iko katikati.

Bi Komba alikuwa mgema. Macho makubwa, mikono midogo, mdomo haupumziki. Kila asubuhi alipanda na kotama yake, kile kisu cha mgema, akakata karara la maua ya mnazi, chwe! Akatundika kibuyu, tembo likadondoka, to, to, to. Likikaa mpaka alasiri, huwa kali la kumtoa mtu machozi. Huo mnazi ndio kazi yake, ndio na nyumba yake. Kule juu kwenye makuti wamelala pacha wake wawili, hata macho hawajafumbua.

Na kila alasiri Bwana Nyati huja. Pu, pu, pu, pu! Analeta chochote? Hata ndimu haleti.

"Komba! Shusha!"

Komba hushusha. Atafanyaje?

Kibuyu cha kwanza, Nyati anacheka. Kibuyu cha pili, Nyati analia, anamtaja marehemu mama yake. Kibuyu cha tatu, Nyati anamwona shemeji yake.

Shemeji mwenyewe hayupo, anakaa mbali huko. Lakini aliwahi kusema harusini, mbele ya watu, kwamba masikio ya Nyati yamelegea. Basi Nyati hajasahau, na akishalewa kila mnazi ni shemeji. "Leo ndiyo leo, shemeji!" Kichwa, gu! Mnazi chini. Minazi minne imekwenda hivyo. Umebaki mmoja tu, wa Komba, nao umeinama, mizizi iko nje. Ukipigwa gu moja tu, watoto wa watu wamekwisha.

Asubuhi moja Komba akakaa akalia. "Nikimnyima tembo, ataung'oa mnazi kwa hasira. Nikimpa, atamwona shemeji. Nitawapeleka wapi wanangu?" Akalia, akachoka kulia, akapenga kamasi, akaingia jikoni.

Akaponda tangawizi, twa, twa, twa. Akaloweka ukwaju, akauchuja, akatia karafuu mbili. Akaonja. "Tamu mno, hii ya futari." Akaongeza tangawizi. Akaonja. "Hii ya mgonjwa." Akatia pilipili manga, ngumi nzima. Akaonja, macho yakamtoka kuliko yalivyotoka siku zote. Kho, kho, kho! "Haya," akasema, "hii sasa." Akaipiga kwa upekecho mpaka ikafura povu, akajaza vibuyu vitatu.

Alasiri ikafika. Pu, pu, pu, pu! Nyati huyo, na leo kaja na mpambe wake Fisi.

"Komba! Shusha!"

"Shikamoo, bwana mkubwa. Leo nina tembo la ajabu, lakini siwezi kukupa."

"Nani hawezi kunipa nani?"

"Hili si la kila mtu, bwana wangu. Mlegevu likimgusa ulimi tu, kaanguka. Mwenye nguvu za kweli hunywa akabaki wima, macho makavu. Sasa wewe ukianguka hapa, mkeo nitamwambia nini?"

"Lete!"

"Na mila je? Mgema huonja kwanza, mgeni aone hakutiliwa kitu." Komba akaonja tone moja. Pu! Chali, miguu juu. "Jamani, hapa ni Mombasa?" akauliza.

Fisi hapitwi na kitu. Akaramba povu kidogo tu. Mara akaanza kuimba taarabu. Mara akalipigia magoti jiwe, akalichumbia. Jiwe likanyamaza. "Kanyamaza, kakubali!" akapiga kelele. "Mashahidi wako wapi?"

Nyati akawatazama kwa dharau. Akanywa. Koo likawaka moto, machozi yakamlenga, akayarudisha. "Kali hili!" Kibuyu cha kwanza, hakucheka. Kibuyu cha pili, hakulia. Kibuyu cha tatu, akageuka kwa mazoea, akaukabili mnazi, akainamisha pembe.

"Leo ndiyo leo, she..."

Komba akaruka juu. "Bwana mkubwa! Hapa ndipo mlegevu huona shemeji. Wewe unaona nini?"

Nyati akautazama mnazi. Akamtazama Fisi, anamfunika mchumba wake kwa majani asipigwe na jua. Akautazama tena mnazi. Ilimuuma, wallahi ilimuuma.

"Naona... mnazi."

"Mnazi tu?"

"Mnazi tu. Tena umeinama, maskini. Hebu nipisheni." Akausukuma kwa bega mpaka ukasimama, akashindilia udongo kwa kwato. Kule juu pacha wakapiga miayo, wakaendelea kulala.

Basi tangu siku hiyo Nyati hanywi jingine. Anaamka hana kichwa kuuma, anamsifu Komba kila mahali. Nanyi mnajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alitia madafu, na pilipili akapunguza. Nyati anakunywa vilevile, anasema, "Kali!"

Na tembo la kweli je? Mnazi haukupewa habari, unatoa tu, to, to, to. Vibuyu vikajaa. "Riziki haimwagwi," akasema Komba. Kibuyu cha kwanza, akacheka. Cha pili, akalia. Cha tatu akateleza kutoka juu, pu! Akaangukia shingoni kwa Nyati, akamkumbatia kwa mapenzi.

"Shemeji!" akasema.

Nyati, mkavu, hana hata kizunguzungu, akamtua chini polepole. Akammiminia kikombe cha ukwaju. "Pole, mama. Walegevu mna kazi. Jaribu hili langu. Ni kali, lakini utazoea."

Ndiyo maana mpaka leo mtu akizidisha wanasema kalewa kama komba. Nyati hatajwi, na yeye ndiye aliyeanza.

Hadithi imekauka, mwenye kiu akatafute chake. Funzo? Funzo ni kwamba uongo haufai kitu, wanangu. Mwongo huishia na mnazi ulionyooka, watoto wazima, na nyati wa kumshikia kikombe. Nani anaitaka balaa hiyo?

Na wewe Mwanakheri, acha kunusa kikombe changu. Nimesema ni ukwaju. Tazama vizuri. Unaona nini?

Haya. Unaona ukwaju.